Muulize Fundi: Pedi ya kwendea kazini na pedi ya uwanjani, je moja inatosha?

Mwezi huu barua tatu zote ni za breki, nimeona nizijibu pamoja maana zinaingiliana. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu huyu kijana alikuwa karibu sana na ajali na kwa barua yake naona bado hajajua kilichotaka kumuua ni kipi.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nakaa Ilazo, ofisi iko Mtumba, kila siku naenda na kurudi na Altezza RS200 ile ya gia sita za mkono. Halafu mara mbili kwa mwaka mimi na washkaji tunapita Kondoa, Babati, Arusha, tunatokea Namanga mpaka uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, Kenya, tunakimbiza gari kwa kupimwa muda, sio mashindano, kila mtu anapambana na muda wake mwenyewe. Safari ya mwisho raundi kama ya tano hivi nikaanza kusikia harufu ya kuungua, kona iliyofata nikakanyaga breki pedeli ikazama kama nakanyaga sponji, nikapampu mara tatu ndo ikashika, nikatoka pembeni mikono inatetemeka. Nimerudi Dodoma naulizia, duka moja la spea wanasema nifunge pedi za mashindano kabisa niachane na mawazo, fundi wangu wa hapa anasema hizo zitaniua mjini nibaki na za kawaida. Bajeti sio kubwa, nataka seti moja ifanye kazi zote mbili. Nichukue ipi? (Msomaji, Ilazo)

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na nashukuru umeeleza pedeli ilivyofanya, maana hilo ndo limenipa jibu kabla sijafika mwisho wa barua. Wewe unauliza pedi, lakini kilichokuzamia sio pedi. Ni mafuta ya breki yalichemka.

Shika hii kichwani kabla ya kununua kitu chochote. Breki ikizidiwa na joto kuna namna mbili inakukimbia. Ya kwanza, pedeli inabaki ngumu palepale juu, unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari haipungui, hapo ni pedi zimepita joto lake, haziumi tena diski. Ya pili, pedeli inakuwa laini inaenda chini, ukipampu inarudi kidogo, hapo mafuta yamechemka ndani ya kalipa, lile chuma linalobana pedi kwenye diski, yakatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, kwahiyo mguu wako unafinya mapovu badala ya kusukuma pistoni. Ile harufu uliyosikia kwanza ilikuwa pedi zinaanza kulalamika, sawa, lakini sponji ni mafuta. Sasa fikiria ungemsikiliza yule wa dukani ukafunga pedi za mashindano ukaacha mafuta yaleyale, ungekuwa na pedi zinazovumilia joto kali zaidi, ungechelewa zaidi kukanyaga kwenye kona, na lile joto lote lingepita nyuma ya pedi kwenda kwenye pistoni mpaka kwenye mafuta, na safari hii huenda hata kupampu kusingesaidia.

Mafuta ya breki ya kawaida yananyonya unyevu wa hewani, hata gari ikiwa imesimama nyumbani. Ndo maana kwenye viwango vyake kuna namba mbili, moja ya mafuta mapya na moja ya mafuta yaliyokwisha kunywa maji. Daraja la mafuta linaandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, yakishanyonya maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ona hapo DOT 4 iliyozeeka inavyoshindwa mbali sana na DOT 3 iliyofunguliwa leo, kwahiyo kununua chupa ya bei halafu ukaiacha kwenye gari miaka minne ni hela umetupa. Wewe kwa matumizi yako weka DOT 4 nzuri au 5.1, toa ya zamani yote gurudumu zote nne mpaka uone rangi imebadilika, toa upepo vizuri, na rudia hiyo kazi kabla ya kila safari ya Athi River. Chupa ikishafunguliwa ikabaki nusu usiitunze kwa ajili ya mwakani. Na angalizo, DOT 5 bila ile nukta moja ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, haichanganywi na haya mengine, usikubali mtu akuambie 5 na 5.1 ni ndugu.

Hiyo ni kazi ya chini ya saa moja gereji na ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyokutajia leo. Ifanye kwanza hata kama pedi utanunua mwezi ujao.

Sasa tuje kwenye pedi, na hapa fundi wako wa Dodoma yuko sahihi zaidi kuliko wa dukani, japo sio kwa asilimia mia.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Altezza yako ni kilo kama 1,340, ukiwa 100 kwa saa ukasimama kabisa, joto linalotoka linatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bombani mpaka yaive chai. Ukiwa 150 ukasimama sio joto la mara moja na nusu, ni zaidi ya mara mbili, kwa sababu mwendo unajizidisha wenyewe. Ukitoka Ilazo kwenda Mtumba unafunga breki Nanenane, unafunga Ihumwa, katikati hapo diski zinapigwa upepo kilomita kadhaa zinapoa, kwahiyo pedi zako asubuhi nzima hazifiki hata nyuzi 200. Uwanjani unafunga, unakanyaga mafuta sekunde chache, unafunga tena, raundi baada ya raundi, diski inapanda 400, 500, inazidi hapo. Ndo ugomvi wa miaka yote wa magari ya kukimbia, na ndo sababu Jaguar C-Type ilipochukua mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953 watu walizungumzia breki zake za diski kuliko injini, wenzake wenye madramu, zile breki za kizamani zilizofungwa ndani ya ngoma, walikuwa lazima wazitunze breki, yeye anakanyaga amechelewa na raundi inayofata anakanyaga hivohivo.

Pedi inatengenezwa kwa joto fulani. Pedi za kawaida za barabarani, zile laini za organiki na nyingi za seramiki, zinashika vizuri zikiwa baridi, hazipigi kelele, vumbi lake dogo, lakini ukizipeleka 300 na kitu, 400, gundi iliyoshikilia ule mchanganyiko inaanza kuungua na kutoa gesi na zinateleza. Watu wengi wakisikia seramiki wanadhani ni ya mashindano kwa sababu bei iko juu, hapana, seramiki inayouzwa madukani kwetu ni pedi ya utulivu na usafi wa rimu. Semi metaliki, ile iliyochanganywa na chembe za chuma, inavumilia zaidi, inakula diski kidogo na ina makelele kidogo. Halafu ziko pedi za mashindano zenyewe, hizo zinafika 600, 700 bila kutikisika, lakini zikiwa baridi haziumi, zinasaga diski kama msasa, na zinalia mpaka mlinzi wa getini anakujua.

Kuhusu hilo la kutouma zikiwa baridi nina ushahidi wa mguu wangu mwenyewe. Mteja mmoja aliniletea gari imefungwa pedi za mashindano mbele, alikuwa amezitoa mtandaoni, anataka nimcheki kelele. Ilikuwa Julai, mnaijua asubuhi ya Dodoma ya Julai na ule upepo, nikatoka nayo saa moja kasoro kuijaribu, sijafika hata kilomita moja kuna zebra karibu na shule na watoto wameshaingia barabarani, mwendo wangu ulikuwa 40, hata sio mbio. Nikakanyaga kama ninavyokanyaga siku zote na gari ikaendelea kwenda. Nikakanyaga kwa uzito wangu wote ndo ikaanza kushika, ikasimama juu ya mistari, mtoto wa mbele ananiangalia. Nilirudisha ile gari gereji taratibu kwa gia ya kwanza na ya pili, nikazitoa zile pedi palepale kabla sijanywa hata chai. Toka siku hiyo mtu akiniambia nimfungie pedi za mashindano kwenye gari ya kwendea kazini nakataa, hata kama anaongeza hela. Njia yako ya Mtumba imejaa bodaboda zinazoingia bila kuangalia, na mara nyingi kwa siku utahitaji breki ya kwanza kabisa ishike, ile ambayo haijapata joto lolote.

Kwahiyo kama kweli ni seti moja tu, usichukue za mashindano na usichukue za kawaida, chukua za katikati, zile zinazotengenezwa kwa barabara na siku za uwanjani. Zipo Ferodo DS2500, Hawk HP Plus, EBC Yellowstuff, na wengine wana za kwao. Hizi zinashika zikiwa baridi vya kutosha na zinapanda joto mbali kuliko pedi ya duka la kona. Utapata vumbi zaidi kwenye rimu, utasikia kelele kidogo asubuhi, na diski zitaisha mapema kidogo. Hiyo ni gharama ya kuwa na seti moja, ipokee. Uwanjani nako usikimbie raundi kumi mfululizo, kimbia tatu au nne kali halafu moja ya pole ya kupoza, pumzika, rudi.

Lakini mi ningekuwa wewe ningenunua seti mbili. Najua umesema bajeti, hebu nisikilize kwanza. Seti mbili haziishi kwa pamoja, ile nzuri ya barabarani inakaa kwenye gari mwaka mzima, ile kali inafanya kazi siku mbili kwa mwaka na inarudi kwenye boksi lake, kwahiyo kila moja inadumu zaidi na diski zako hazisagwi kila asubuhi na pedi isiyopata joto lake. Kutoka hapa mpaka Athi River ni zaidi ya kilomita 600, njia nzima hiyo unataka pedi ya barabarani. Beba za uwanjani kwenye buti, ukifika piga jeki, weka stendi, sio jeki peke yake, toa tairi, badilisha za mbele na za nyuma, ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu asiye na haraka. Jioni unarudisha za barabarani ndo unaanza safari. Usifunge kali nyuma tu ukaacha laini mbele kwa sababu umepata nusu seti kwa bei nzuri, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza na gari itakugeuza.

Ukibadilisha pedi za aina tofauti juu ya diski moja kuna kitu wengi hawakijui. Pedi ikifanya kazi vizuri inaacha ngozi yake nyembamba juu ya diski, na inashikana na hiyo ngozi zaidi kuliko na chuma chenyewe. Ukileta pedi ya aina nyingine inakuta ngozi ya mwenzake, siku ya kwanza mshiko unakuwa wa ajabu ajabu. Ndo maana ni vizuri seti zote mbili ziwe za mtengenezaji mmoja, na ndo maana pedi mpya lazima uzifundishe. Tafuta kipande cha barabara tupu alfajiri, hakikisha nyuma hakuna mtu, panda 80, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 15 hivi, usisimame kabisa, panda tena, rudia mara nane mpaka kumi, utasikia harufu, ni kawaida mara ya kwanza. Halafu endesha dakika kama kumi bila kugusa breki zipoe. Kama kwenye boksi wameandika utaratibu wao, fata wao.

Ukitoka uwanjani na breki za moto usiweke hendibreki na usisimame umeshikilia mguu kwenye pedeli, pale pedi inaganda sehemu moja ya diski inaacha alama, kesho usukani unatetemeka ukifunga breki na mtu anakuambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ina mabaka tu. Weka gia, zima, weka jiwe kwenye tairi. Na usiingie uwanjani na pedi iliyobaki chini ya milimita 5 au 6, hata kama mjini ingekupeleka miezi mingine mingi, kwa sababu pedi nyembamba haizuii tena joto lisifike kwenye mafuta, na tumerudi kulekule kwenye sponji yako.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya otomatiki, kila mwisho wa mwezi naenda Iringa kumuona mama. Wakati wa kurudi nikishuka Nyang'oro kuja Mtera nasikia harufu ya kuungua magurudumu ya mbele na breki zinakuwa nzito. Mume wangu anasema tununue pedi za kimashindano. Ni kweli zitasaidia? (Msomaji, Kisasa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole mama kwa kukusubiri. Hapana, msinunue, umeshasoma hapo juu yaliyonikuta na zile pedi.

Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu, bwawa la Mtera liko kama 700, kwahiyo unashusha gari mita 800 na zaidi. Gari ndogo kama yako ikishuka hivyo, joto linalotakiwa kwenda mahali ni sawa na kusimama kutoka 100 mara kama ishirini. Upepo unachukua sehemu yake, injini inachukua sehemu yake kama ukiiruhusu, kinachobaki sehemu kubwa kinaenda kwenye breki mbili za mbele, maana nyuma una dramu na gari ikishuka uzito mwingi uko mbele. Nina uhakika unashuka ukiwa kwenye D na mguu umekaa kwenye breki mlima mzima, kidogo kidogo lakini bila kuutoa. Wengi wanafanya hivyo, hawajafundishwa.

Kabla mlima haujaanza, sio katikati, punguza mwendo, toa kwenye D weka 2, pakiwa pakali sana weka L. Injini italia kwa sauti, usiogope, haiharibiki, inakushikia gari. Kisha breki itumie kwa vipindi, acha gari ipande mwendo kidogo, kanyaga imara ishuke, achia kabisa, ipumzike. Kamwe usiweke N ukishuka kwa kuokoa mafuta. Ukisikia harufu tafuta sehemu pana ukae pembeni dakika ishirini, na usimwagie diski maji, chuma cha moto kikipata maji ya baridi kinaweza kupasuka.

Kisha gari ikifika Dodoma peleka ibadilishwe mafuta ya breki kama miaka miwili imepita, na mwambie fundi acheki pini za kalipa za mbele kama zinateleza, kwa vumbi letu hapa zinakauka na pedi inabaki imegusa diski muda wote. Kama upande mmoja ndo unanuka kuliko mwingine, anzia hapo kwenye pini.

SWALI: Fundi, nitajuaje pedi feki dukani? Nikifunga mpya, miezi miwili tu zinaisha. (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Kwa kuangalia boksi hutojua, boksi linaigwa vizuri kuliko pedi. Itoe. Kwenye bati la nyuma kunatakiwa kuwe na maandishi yaliyogongwa au kuchapwa, namba ya pedi na mara nyingi herufi mbili kama FF au GF. Herufi ya kwanza inasema mshiko ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa ya moto, na E iko chini ya F, F iko chini ya G. Hizo hazikuambii pedi itadumu, zinakuambia tu inashika kiasi gani, lakini pedi ambayo mgongo wake uko mtupu kabisa mi siifungi. Zenye alama ya herufi E ndani ya duara na namba yake zimepimwa kwa utaratibu wa R90 wa Ulaya, mshiko wake lazima uwe karibu na wa pedi iliyokuja na gari. Angalia pia pembeni pale pedi inapokutana na bati, kukiwa na ufa au gundi inaonekana imeachia, rudisha.

Lakini miezi miwili ni kidogo hata kwa pedi mbaya, kwahiyo usiilaumu pedi peke yake. Kalipa inaweza kuwa imekwama, au diski imechimbika mifereji na inaifyeka pedi kama kisu. Mwambie fundi apime unene wa diski, pembeni au katikati yake wameandika MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, na namba ya milimita, ikiwa bado iko juu ya hapo inaweza kuchongwa kwa mashine ikanyooka, ikiwa imefika au imepita usikubali ichongwe tena, nunua diski mbili za mbele kwa pamoja ndo ufunge pedi mpya. Na wakati anafungua asipulize lile vumbi kwa kompresa, pedi za bei ya chini huwezi kujua wamechanganya nini humo, alowanishe afute kwa kitambaa, na wewe kaa mbali na pale.